Mnyama akitokea mbele ya gari usiku: jibu kwa msomaji wa Katuba

Swali: "Jambo mwalimu. Mimi ni baba wa familia, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Mwezi wa tano nitashuka na yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kwa gari: Kasumbalesa, Lusaka, Kazungula, mpaka Francistown, tuchukue vipuri turudi navyo. Shemeji yetu alipita njia hiyo mwaka jana, akagonga tandala usiku upande wa Botswana. Kioo cha mbele kilivunjika chote, yeye akapona kwa neema ya Mungu. Sasa kila mtu ananipa shauri lake. Mmoja anasema nikimwona mnyama niongeze mwendo ili arushwe juu ya gari. Mwingine anasema nikwepe haraka. Wa tatu ameniuzia vipenga vya kubandika kwenye bampa, eti vinafukuza wanyama. Gari yetu ni Noah, volani iko kuume. Nimsikilize nani?"

Jambo papa. Kati ya hao watatu usimsikilize hata mmoja, na nitakueleza kwa nini, maana wa kwanza na wa pili wanaweza kukuua, na wa tatu amekula tu pesa yako.

Tuanze na huyo wa kuongeza mwendo. Labda shauri hilo lilianzia kwa watu wa malori mazito yenye chuma mbele, ambao wakigonga mbuzi hawasikii hata mtikisiko. Gari dogo ni habari nyingine. Tandala dume aliyekomaa ana kilo 200 mpaka 300, na uzito wote huo umesimama juu ya miguu mirefu myembamba. Bampa ya Noah inafika kwenye magoti yake. Ukimgonga, bampa inafagia miguu, mwili unabaki hewani, na gari linaendelea kuingia chini yake. Kiwiliwili kinatua kwenye kioo, pembe na zote. Hilo ndilo lililompata shemeji yenu. Mwendo mkubwa haumpitishi juu ya paa, unamleta ndani kwa nguvu zaidi. Tena nguvu ya mgongano haiongezeki hatua kwa hatua na mshale wa mwendo: ukitoka 60 ukafika 120, imekuwa mara nne. Na Noah haina pua ndefu. Kati yako na kioo hakuna boneti ya kutosha kumpokea mnyama.

Vipenga nitavimaliza haraka. Vinauzwa nchi nyingi, na kule Marekani, ambako kulungu wanagongwa sana kila mwaka wakati madume yanapofukuza majike, watafiti wamejaribu sauti za namna hiyo mbele ya kulungu wenyewe. Wanyama hawakubadili chochote wanachofanya. Kibaya zaidi, aliyevibandika anaanza kujiona amekingwa. Vitoe, au viache kama urembo, ila usiviweke kwenye hesabu yako.

Shauri la kukwepa linahitaji maneno mengi kidogo, kwa sababu mwili wenyewe unalitaka. Kitu kikitokea mbele, mikono inazungusha volani kabla kichwa hakijaamua. Kwa kilomita 80 kwa saa, Noah iliyojaa watu na mizigo, au Hilux yenye magunia nyuma, haipendi kuzungushwa hivyo. Ni gari refu kwenda juu, uzito wake uko juu, na ukingo wa lami mara nyingi umemomonyoka, umeshuka kama kiganja kimoja au zaidi. Tairi la mbele likidondoka pale, dereva anavuta volani kulirudisha, linapanda ghafla, gari linaruka kwenda upande wa pili. Upande huo kuna lori la shaba linalokuja, au kuna mti. Mnyama, yeye, mara nyingi ameshaondoka zake bila hata mkwaruzo. Ajali nyingi zinazoandikwa kwa jina la mnyama, hakuguswa mnyama.

Kwa hiyo sheria ninayowafundisha madereva wangu ni hii: kandamiza breki kwa nguvu, shika volani iliyonyooka, baki kwenye upande wako. Kama mnyama anatembea na una nafasi ndani ya upande wako, elekeza gari kidogo pale alikotoka, si pale anakoenda. Kama hakuna nafasi, mgonge ukiwa umenyooka na umepunguza kadiri breki zilivyoweza. Naiweka hivyo bila kuipamba, kwa sababu dereva asiyekubali jambo hili akiwa amekaa nyumbani hataliamua usiku kwa nusu sekunde. Mtu akiwa barabarani, hesabu inageuka, hapo unafanya kila unaloweza. Lakini kwa mbuzi, mbwa, swala, hata tandala, usiuze maisha ya yaya yako.

Kuhusu breki zenyewe. Kama gari lina ABS, yaani breki zinazozuia matairi yasikamate na kuteleza, kandamiza mpaka chini na ubaki hapo. Pedali itatetemeka chini ya mguu na kutoa sauti ya kukereza. Ni kawaida, usiuinue mguu. Kama ni gari la zamani lisilo na ABS, ukisikia matairi yamekamata yanateleza, achia kidogo, kandamiza tena. Walimu wengine wanafundisha kuachia breki nukta ya mwisho kabla ya kugonga ili pua ya gari inyanyuke na mnyama mrefu asipande kwenye kioo. Hoja yao naielewa. Mimi siifundishi kwa dereva wa kawaida, maana inamwomba aachilie kitu pekee kinachomsaidia, katika wakati ambao hawezi kuupima. Afadhali ainamishe kichwa.

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa naomba uchukue karatasi. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Mtu aliye macho, hajachoka, hana simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja na nusu tangu jicho lione mpaka mguu ukandamize. Katika muda huo ameshakwenda mita 42 na gari halijapungua hata kidogo. Kisha breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita nyingine 56 hivi. Jumla ni karibu mita 100. Kwa 80 jumla inakuwa mita 70 hivi, na kwa 60 ni kama mita 45.

Halafu angalia taa. Taa zako zikishushwa, ngozi ya mnyama, ambayo ina rangi ya nyasi kavu, utaianza kuiona kwenye mita 50 hivi. Kioo kikiwa na vumbi na mafuta ya wadudu, ni chini ya hapo. Basi mweke tandala pale, mita 50 mbele yako. Ukiwa na 60, unasimama na nafasi kidogo inabaki. Ukiwa na 80, unamgonga gari likiwa bado na karibu 60. Ukiwa na 100, unamgonga ukiwa na zaidi ya 90. Kwa 100 umetumia mita 42 kushangaa, breki zikapewa mita nane tu za kufanya kazi, na mita nane si kitu. Watu hufikiri tofauti kati ya 80 na 100 ni kufika mapema kidogo. Mbele ya mnyama, ndiyo tofauti kati ya kwenda kwa fundi na kwenda mochwari.

Ndiyo sababu nakuambia uamuzi wa kumgonga au kutomgonga mnyama unaufanya kabla hajatokea, kwa mguu wako wa kulia. Usiku ukiwa umeshusha taa, 60. Ukiwa umepandisha taa na hakuna anayekuja, na barabara imenyooka, unaweza kufika 80. Anayekuja akikulazimisha kushusha, shusha na mwendo pia, usishushe taa peke yake. Mara tu mnapopishana, macho yako kwa sekunde chache hayaoni kitu, na ng'ombe hupenda kuwa pale pale. Botswana kibao kitakuruhusu 120. Kibao kile kimewekwa kwa ajili ya barabara, hakijui taa zako zinafika wapi.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye taa, kuna jambo la Noah yako ambalo hapa Lubumbashi tunaishi nalo bila kulijua. Gari la Japani limetengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha kushoto. Ukizishusha taa zake, mwanga wa upande wa kushoto umeinuliwa ili kumulika ukingo, na wa kuume umekatwa chini ili usimpofushe anayekuja. Kongo tunaendesha kuume. Kwa hiyo kutoka hapa mpaka Kasumbalesa taa zako zinampiga usoni anayekuja, na ukingo wa kuume, pale ambapo mbuzi amesimama na mtu wa makala, yaani makaa ya kupikia, anasukuma baiskeli yake, unabaki gizani. Ukivuka mpaka na kuhamia kushoto, taa zile zile zinakaa sawa. Maana yake kipande chako kibaya zaidi cha usiku, kwa upande wa taa, ni hicho cha nyumbani unachokiona cha mazoea. Kipite mchana, kwenda na kurudi. Hata hivyo, mwambie fundi azipime taa urefu wake ukutani kabla ya safari, na kama plastiki ya mbele imegeuka njano kwa jua, aisugue mpaka iwe safi. Nimeona magari yamefungwa balbu za bei nyuma ya plastiki iliyopofuka, ni hasara tupu.

Taa zikishakuwa sawa, jifunze unachotafuta. Wanyama wengi wanarudisha mwanga machoni: swala, ng'ombe, mbuzi, mbwa, punda. Utaona nukta mbili za kijani au za njano kabla hujaona mwili. Punguza pale pale, usisubiri kujua ni nini. Lakini nukta hizo zipo tu kama mnyama amekuangalia. Akiwa amekupa ubavu, huoni kitu mpaka umemfikia. Na tembo ni msiba wake peke yake: macho yake hayarudishi mwanga kama ya swala, yako juu kuliko taa zako, na ngozi yake ni ya kijivu kwenye lami ya kijivu. Dereva anachokiona ni kwamba barabara imeishia, au kwamba taa za gari la mbali zimezimika ghafla. Taa za mbali zikizimika bila sababu, kuna kitu katikati yenu.

Hapa yaya yako anapata kazi. Ukiwa Zambia na Botswana, wewe kwenye volani ya kuume umekaa upande wa katikati ya barabara, yeye ndiye aliye karibu na pori. Asilale. Aangalie ukingo wa kushoto na kusema kwa sauti kila anachokiona, hata kama ni kisiki. Mkibadilishana, mbadilishane na kazi hiyo.

Tandala ana tabia yake. Anasimama ukingoni akiduwaa kwenye mwanga, unadhani ameamua kukungoja, kisha anaruka wakati ule ule unapomfikia. Uzio wa mita mbili kwake si kitu, kwa hiyo usione waya kando ya barabara ukatulia. Ukimwona, shusha taa ili asipofuke, piga honi mfululizo, na upunguze mpaka uweze kusimama. Swala pala ni mdogo, kilo 40 mpaka 75, lakini hatembei peke yake. Akivuka mmoja, kosa ni kupumua na kukanyaga mafuta: wa pili, wa tatu na wa kumi wako nyuma yake kwenye majani, nao watamfuata hata gari likiwa katikati. Nawe unasafiri mwezi wa tano, ndio msimu wa madume kufukuzana. Dume linalofukuzwa haliangalii barabara.

Kwa tembo, sahau honi na sahau kumulika taa. Simama mbali, mita 50 au zaidi, acha injini inanguruma, mwache apite na wenzake wapite. Ukimwona mdogo, mama yuko karibu, na usijiweke katikati yao kamwe. Akigeuka kukukabili na kutanua masikio, rudi nyuma polepole. Punda wa Botswana ni kinyume chake: honi hamsumbui, atasimama katikati ya lami kama amelipia kodi. Yeye unamzunguka kwa mwendo wa mguu.

Kuhusu ratiba. Kipande kigumu cha safari yenu ni kutoka Kazungula, pale Zambia na Botswana zinapopakana, mpaka Nata, kama kilomita 300 za pori, barabara imenyooka mpaka inaleta usingizi, na wanyama wanaivuka kwenda na kurudi kati ya malisho na maji. Tangu daraja la Kazungula lifunguliwe mwaka 2021 watu hawalali tena wakingojea kivuko, na hilo limeleta tabia mpya: mtu anamaliza karatasi saa kumi jioni na kusema "twende tu, Nata si mbali." Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili mwezi wa tano. Saa ile ya magharibi, na ile ya alfajiri, ndizo wanyama wanazotembea zaidi na ndizo macho yako yanaona vibaya zaidi, kwa sababu mbingu bado ina mwanga na ardhi imeshakuwa giza. Mkimaliza karatasi za mpakani jioni, lala Kasane. Mkichelewa Zambia, lala Livingstone. Ondokeni jua likiwa limepanda vya kutosha, mle chakula cha mchana Nata na kuendelea Francistown mchana huo huo. Hoteli ya usiku mmoja ni ghali, lakini waulize mafundi bei ya kioo, rejeta na taa za Noah.

Kasumbalesa ndipo mipango hii inapovunjikia. Foleni ya malori na karatasi vinaweza kula siku nzima, kisha dereva anatoka pale na hasira, anataka kulipiza muda barabarani. Usiweke ahadi na mtu yeyote siku unayovuka mpaka.

Sasa nyumbani. Wanyama wa pori kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, au hii ya Kasumbalesa, wamekuwa adimu, kwa bunduki na kwa makala. Punda milia wa mwisho wa nchi yetu wako Upemba, mbuga iliyoundwa mwaka 1939, mbali na lami hii. Swala wa Katanga ni mbuzi. Naye anastahili heshima ile ile, kwa sababu ndiye utakayekutana naye kila siku. Mbuzi jike akivuka, angalia alikotoka, watoto wanakuja mbio bila kutazama. Mbuzi aliyefungwa kamba upande huu anaweza kuwa amevuka upande wa pili, na kamba iko juu ya lami. Msimu wa mvua wanaacha majani yaliyolowa, wanakuja kulala kwenye lami yenye joto, na ng'ombe hivyo hivyo. Kiangazi watu wanachoma majani: moshi ukifunga barabara, usiuingie kwa mwendo, maana kila kilicho hai porini kinakimbilia upande wako. Honi ya kijijini ipigwe mapema, mita 100 kabla, moja ndefu. Ukiipiga ukiwa umeshafika, mbuzi anaruka popote, na mara nyingi ni mbele yako. Kuku, samahani kwa wenye kuku, habanwi breki wala hakwepwi. Na ukiona matawi mabichi yametupwa kwenye lami, hapo mbele kuna lori limekufa bila taa. Mwendo unaokuokoa na tandala ndio unaokuokoa na lori hilo, na ndio unaomwokoa mtu wa makala, ambaye hana hata kioo cha kurudisha mwanga nyuma ya baiskeli.

Ikiwa licha ya yote umegonga. Usisimame katikati. Ondoa gari barabarani kama linatembea, washa taa zote za hatari, weka pembetatu mbali, hatua 50 au zaidi nyuma, na kabla ya pinda kama kuna pinda. Watu wote watoke upande wa majani, lakini wasiende mbali na gari, uko porini. Angalia watu kwanza: mchubuko wa mkanda kifuani ni kawaida, ila mtu anayelalamika shingo au tumbo apelekwe hospitali hata kama anatembea.

Mnyama usimkaribie. Tandala aliyevunjika miguu bado ana pembe na teke, na anayeonekana amekufa huenda amezimia tu. Usimchinje, na nyama usiichukue hata kipande. Najua tunavyofikiri, nyama imelala barabarani, bukari, ugali wetu, iko nyumbani. Zambia na Botswana mnyama wa pori ni mali ya taifa, na kukutwa na nyama yake bila kibali ni kesi ya ujangili. Utaanza kueleza kwamba ni ajali mbele ya askari aliyekwisha kusikia maelezo hayo kwa majangili. Botswana tena wana vizuizi vya mifugo barabarani kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, wanafungua buti na kutafuta nyama mbichi. Piga picha za gari, za mnyama, za barabara, kisha toa taarifa polisi ya karibu na uombe karatasi. Bila karatasi hiyo, bima haitakusikiliza.

Ukigonga mbuzi au ng'ombe wa mtu upande wetu, sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani: kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai kinamwajibisha mwenye mnyama kwa madhara aliyoleta, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Kukisoma kifungu hicho usiku mbele ya kijiji kizima, hapo sikushauri. Zungumza kwa upole, mwite chifu, msihesabiane bei mkiwa na hasira. Kama kundi limeanza kupandisha sauti na unaona si salama, nenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho mbele ukajieleze wewe mwenyewe kabla hujaelezwa. Hilo ni la mnyama. Mtu akigongwa, ni msaada kwanza, na kukimbia ni kosa la jinai.

Kabla ya kuwasha gari tena, chungulia chini ya pua. Maji ya kijani au mekundu yanayodondoka ni rejeta, na ukilazimisha utaua injini baada ya kilomita chache. Zungusha matairi ya mbele uone kama plastiki au bati linayagusa. Boneti iliyokunjika ifungwe kwa kamba au waya hata kama kitasa kinaonekana kimeshika, maana ikifunguka kwa 80 itakufunika kioo chote. Taa moja ikivunjika, safari ya usiku imeishia hapo.

Utaniuliza habari ya chuma cha kukinga mbele, watu wengi wanakifunga. Kwa mbuzi kinaokoa rejeta, sikatai. Kwa tandala hakisaidii, maana anakuja kwa juu. Na kama gari lina mifuko ya hewa, chuma kilichochomelewa na fundi wa mtaani kinabadilisha jinsi pua inavyokunjika, na mfuko unaweza kufunguka ovyo. Pesa hiyo weka kwenye matairi na breki. Mkanda afunge kila mtu, wa nyuma pia. Aliyekaa nyuma bila mkanda ndiye atakayempiga wa mbele.

Bima: kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, itakuvusha Zambia, lakini Botswana haimo COMESA, utanunua ya kwao mpakani. Na zote hizo zinalipa madhara uliyowafanyia wengine. Kioo chako na boneti yako havimo, mpaka uwe umelipia bima kamili, na hiyo uliza kwa maandishi kama inafanya kazi nje ya nchi na kama inahesabu mnyama.

La mwisho ni kurudi kwenu. Mtakuwa na vipuri nyuma. Mzigo mzito nyuma unashusha mkia na kuinua pua, kwa hiyo taa zilizopimwa ukutani Lubumbashi sasa zinamulika matawi ya miti, na zile mita 50 tulizohesabu zimepungua. Breki nazo zinataka nafasi ndefu zaidi. Ongezeni upepo wa matairi ya nyuma kama kibandiko cha mlango kinavyosema, sogezeni vilivyo vizito mbele karibu na viti, mvifunge visije vikatangulia mkibana breki, na mteremshe taa. Magari mengi ya aina hiyo yana kigurudumu kidogo karibu na volani cha kuzishusha. Kama cha kwenu hakifanyi kazi, fundi azishushe kabla hamjaondoka Francistown.

Safari njema, msalimie yaya.